Sekunde saba nilizokata

Mzee alifika studio akiwa na kanzu iliyopigwa pasi na mkoba wa ukindu begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na magome, mizizi iliyofungwa kwa kamba ya katani, na chupa mbili za dawa yenye rangi ya chai kavu. Nasema studio, lakini ni chumba changu cha Sinza: pazia jeusi, taa mbili za duara, na feni ninayoizima wakati wa kurekodi ili isisikike, kwa hiyo wote tunatoka jasho. Mzee alikuwa ametoka Handeni alfajiri. Aliyemleta ni kijana mmoja anayeuza dawa za asili mtandaoni. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa analipa, ndiye niliyemwita bosi, ingawa nimemzidi umri.

Nilimbandika mzee kipaza sauti kwenye shingo ya kanzu, nikamwambia azungumze tu kama anavyozungumza na wagonjwa wake. Akazungumza dakika nne na nusu. Alieleza mti unaota wapi, unachimbwa msimu gani, unachemshwaje, nani asiunywe. Mjamzito asinywe. Mtoto asinywe. Halafu, karibu na mwisho, akainyooshea kamera kidole kana kwamba kamera ni mjukuu wake mtukutu: "Lakini kama unavyo vidonge vya presha ulivyopewa hospitali, usiviache. Hii ni ya kusaidiana navyo. Na ukapime."

Maneno hayo yanachukua sekunde saba. Nina uhakika na hesabu hiyo kwa sababu ni mimi niliyeyakata.

Kwa asiyeijua kazi yetu: kila klipu ukishaipandisha inakuletea grafu. Mstari unaanzia juu, watazamaji wote wakiwa ndani, halafu unateremka kadiri watu wanavyochoka na kusogeza kidole. Kazi ya mhariri ni kuuzuia mstari usiteremke. Toleo la kwanza la klipu ya mzee lilikuwa na sekunde tisini, na pale mzee aliposema "lakini" mstari ulianguka kama embe bovu. Bosi alinitumia picha ya grafu usiku, amezungushia duara jekundu. "Toa hapo, kaka. Panaua video." Nikatoa. Nilibana na mambo mengine, wajawazito na watoto wakaondoka pia, klipu ikatoka na sekunde 58. Ikaenda vizuri sana. Nililipwa shilingi 30,000 na ahadi ya kazi nyingine.

Sikukosa usingizi usiku ule. Nalisema hili kwa sababu nimesoma maungamo mengi ya watu mtandaoni ambao eti dhamiri iliwasuta hapohapo. Yangu haikunisuta. Niliona nimefanya kazi safi. Mipasuko ya sauti haikusikika hata kidogo.

*

Kuna mambo ambayo mtu anayetazama hawezi kuyaona, na anayekata hawezi kuacha kuyaona.

Sekunde tatu za mwanzo ndizo zinazoamua kila kitu. Hapo lazima uweke kitisho au ahadi, na ukiweza uviweke vyote viwili: "Kama una presha usipitize video hii." "Wanachokuficha hospitali." Kisha uso wa mtu karibu na kamera, maandishi makubwa ya njano, muziki wa chini wa kinanda. Koti jeupe linasaidia. Sijui kama umewahi kuuliza bei ya koti jeupe Kariakoo, lakini haliulizwi cheti. Ukiongeza stetoskopu shingoni, mtu tayari ni daktari. Ya kwangu imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango na imeshavaliwa na watu ambao hawajui upande upi unaingia masikioni. Siku hizi hata mtu hahitajiki. Kuna sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili, na kuna madaktari wazuri wa kuchorwa na mashine, weupe wa meno yao ni wa kutisha. Sauti moja inatamka "figo" kana kwamba ni jina la Mreno.

Na kuna sheria nyingine ambayo hakuna aliyeiandika: neno "lakini" halikai. Wala "inategemea". Wala "kwa baadhi ya watu". Wala "bado haijathibitishwa". Maneno haya ndiyo nyama ya maelezo ya afya, ndiyo yanayomtofautisha mtu anayejua na mpiga debe wa stendi, na ndiyo hayohayo grafu inayoyachukia. Kwa hiyo klipu inaweza isiwe na uongo hata neno moja. Kila alichokisema mzee katika zile sekunde 58 ndicho anachokiamini, na huenda mti wake una nguvu kweli. Uongo umo kwenye kilichobaki chini ya mkasi.

*

Mama yangu anaishi Tanga, Msambweni, nyumba ileile tuliyokulia. Ana presha ya kupanda kwa miaka tisa sasa. Simu janja nilimnunulia mimi, ili tuonane wajukuu wakipiga kelele, na kila Jumapili namtumia bando. Yaani barabara ambayo klipu ilipita kumfikia, niliilipia mwenyewe.

Vidonge vyake vilikuwa amlodipini, miligramu 10, kimoja kila asubuhi. Vilimshushia presha vizuri, lakini vilimvimbisha miguu. Ni jambo linalofahamika kuhusu dawa hiyo: vifundo vinajaa, hasa dozi ikiwa kubwa, na daktari anaweza kuipunguza au kubadilisha dawa. Mama hakulijua hilo. Alichokijua ni kwamba jioni kandambili zilikuwa zinamwachia alama, na kwamba alipokwenda kliniki aliamka saa kumi usiku, akapanga foleni tangu saa kumi na mbili, akaingia kwa daktari saa tano, akatoka baada ya muda ambao ungetosha kumenya ndizi mbili. Daktari aliandika bila kuinua kichwa. Mama alipotaka kusema habari ya miguu, mgonjwa mwingine alishafungua mlango.

Wiki ileile, simu ikamletea mwanamke mwenye sauti ya upole. Simjui, na klipu yenyewe si yangu. Nilikagua kwa haraka ya mtu anayekagua mfuko wake baada ya kelele za mwizi. Mwanamke yule alisema: "Mama, unavimba miguu? Ni vile vidonge. Vinakula figo zako taratibu." Kisha kitunguu saumu, tangawizi, limau, chemsha, kunywa asubuhi na jioni.

Hebu tuwe wakweli, nani kati ya wawili hao alimuuliza mama yangu habari ya miguu yake?

Akaacha vidonge siku ya Jumatatu. Hakuniambia. Alhamisi akaenda duka la dawa pale barabarani, akapimwa: ya juu 134, ya chini 82. Presha ya binti. Jioni akarekodi ujumbe wa sauti kwenye grupu la kina mama wa mtaani, na mimi nikausikia wiki tatu baadaye. Anacheka ndani yake. "Jamani mimi nimepona. Siku tatu tu. Nimetupa vile vidonge, na miguu imeanza kupungua, Mungu shahidi."

Na ni kweli kabisa. Miguu ilikuwa imeanza kupungua, na presha ilikuwa 134. Hakuongopa hata kidogo.

*

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nakitazama kila siku kwenye kompyuta bila kukiona.

Amlodipini ni dawa yenye mwendo wa kinyonga. Ukimeza kidonge leo, inachukua kati ya saa 30 na 50 ndipo nusu yake itoke kwenye damu. Kisha saa nyingine kama hizo kwa nusu ya nusu. Mtu aliyeinywa kila siku kwa miaka ameshajaza akiba. Akiacha Jumatatu, Alhamisi dawa bado imo mwilini inafanya kazi, na kazi hiyo inaisha polepole kwa muda wa wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo 134 ya Alhamisi ilikuwa ya vidonge. Kitunguu saumu kilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwenzake aliyefukuzwa.

Na miguu? Dozi ikishuka kwenye damu, uvimbe nao unapungua. Yaani kwa siku chache mama alikuwa mahali pazuri kuliko pote: madhara ya dawa yanaondoka na faida yake bado ipo. Kama ungetaka kutafuta siku ya kumrekodi mtu ushuhuda, usingepata nyingine nzuri kama hiyo.

Ndipo nikakumbuka shuhuda zote nilizowahi kuzihariri. "Natumia siku ya tatu." "Natumia siku ya tano." "Wiki moja tu, jamani." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuletwa kwangu akiwa na miezi sita. Si lazima wawe wamefundishwa kudanganya. Mtu akipata nafuu anakuwa na furaha, na furaha ndiyo inayorekodiwa. Akizidiwa hana muda wa kutafuta mwanga mzuri. Presha ni ugonjwa wa miaka. Inaharibu mishipa taratibu, bila maumivu, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui kama wanayo. Ugonjwa wa namna hiyo hauwezi kuthibitishwa umepona kwa kusikiliza mtu anavyojisikia. Mama alikuwa anajisikia vizuri kabisa siku ya tano, na siku ya nane pia.

Siku ya kumi na moja aliamka na kichwa kinachogonga upande wa nyuma, akaona mlango una pacha. Dada yangu akamchukua kwa bajaji. Ya juu 188, ya chini 108.

Hakupata kiharusi. Nalitaja mapema nisije nikaonekana nakuweka roho juu. Alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani na dozi ya amlodipini iliyopunguzwa nusu pamoja na kidonge cha aina nyingine, na miguu yake leo ni ya kawaida. Daktari aliyemhudumia, msichana mdogo tu, alikaa kitandani kwake. Alimweleza kwamba kinachokula figo ni presha yenyewe ikiachwa juu, na kwamba miguu ile ingetatuliwa siku ileile kama mtu angeisikia. Mama anasema alieleza "kama yule wa kwenye simu, lakini huyu alinisubiri nimalize." Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa daktari.

*

Nilipowasimulia rafiki zangu, wawili walisema jambo lilelile: wazee wetu wanadanganyika kirahisi. Nilikasirika kuliko nilivyotarajia.

Kwanza, mama yangu hakufanya jambo la kipumbavu. Alikuwa na tatizo la kweli, akatafuta jibu, akajaribu, akapima. Alipima! Ni wangapi kati yetu tunaokwenda kupima baada ya kutazama klipu? Kosa lake ni kutojua kwamba Alhamisi ilikuwa mapema mno, na hilo mimi mwenye cheti cha chuo sikulijua pia.

Pili, miti si upuuzi. Mwarobaini umepewa jina kwa magonjwa arobaini, kwa hiyo tabia ya kuahidi mengi kwa mti mmoja haikuanza na intaneti. Choya, ile rozela nyekundu tunayoinywa kwenye Ramadhani, imefanyiwa majaribio kwa watu na imeonekana inaweza kushusha presha kidogo. Neno ni hilo: kidogo. Na dawa ya mseto ya malaria tunayomeza leo chimbuko lake ni mmea, artemisia, ambao mwanasayansi wa China Tu Youyou aliufanyia kazi miaka ya 1970 akiongozwa na maandiko ya kale ya tiba ya kwao, hadi akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini Shirika la Afya Duniani hilohilo halipendekezi kutibu malaria kwa chai ya majani yake, maana kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki na mara nyingi hakitoshi. Mmea uleule unaponya ukiwa ndani ya kidonge na unaweza kukuua ukiutegemea ndani ya birika. Nieleze hilo katika sekunde 58 nami nitakuheshimu.

Tanzania hata sheria tunayo, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza lake linalosajili waganga na dawa zao. Mzee wa Handeni amesajiliwa; alinionyesha cheti kikiwa ndani ya nailoni, amekikunja mara nne. Aliyemkatakata hajasajiliwa popote.

*

Mwaka 2011 shangazi yangu alisafiri kutoka Tanga hadi Loliondo. Waliokuwa wakubwa wakati ule hawahitaji kuelezwa. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, katika kijiji cha Samunge. Kikombe kimoja, shilingi 500, kilichochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Kisukari, presha, saratani, Ukimwi. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi porini. Wagonjwa wengine walitolewa wodini wakafia njiani. Mawaziri walikunywa, na picha zao zilitoka magazetini. Wapo walioacha dawa zao baada ya kikombe kwa sababu walishapona, walivyoamini.

Kulikuwa hakuna klipu. Habari ilitembea kwa meseji, redio na midomo ya makondakta. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema simu ndiyo imetuharibu, nacheka kidogo.

Ila kuna tofauti ambayo nimeifikiria sana. Kikombe kilihitaji safari. Babu alisema dawa haifanyi kazi mpaka uipokee kwake, na sharti hilo, lenye maana au lisilo na maana, liliwafanya watu wauze mbuzi, waage, wakodi gari, wakae njiani siku nyingi wakisikia habari za waliorudi. Shangazi alikutana na foleni, akawaza, akaendelea. Alikuwa na nafasi ya kubadili nia mara ishirini. Klipu inamfuata mgonjwa kitandani saa tano za usiku, taa zimezimwa, miguu imevimba, na nyuma ya hiyo inakuja nyingine inayosema hayohayo, kwa sababu programu imeshagundua kuwa kidole chake kilisimama hapo. Mama aliniambia: "Lakini walikuwa wengi, mwanangu. Si mmoja." Aliona mashahidi wengi. Mimi nilijua ni mashine moja inayorudia swali lake.

*

Baada ya Tanga nilisoma kuhusu vipimo vya habari za afya. Kipo kimoja kinaitwa DISCERN, kilichotungwa Uingereza miaka ya 1990 kwa ajili ya vipeperushi vya wagonjwa: maswali 16, kila moja unalipa alama kuanzia 1 hadi 5. Watafiti sasa wanakitumia kupima klipu fupi, jambo ambalo ni kama kumpima kitoto uzito kwa mizani ya korosho, lakini ndiyo mizani iliyopo. Na jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani mwaka 1997 lilipendekeza mambo manne tu ya kuangalia katika habari za afya za mtandaoni: nani ameandika, ametoa wapi, lini, na nani anafaidika.

Usiku mmoja nilikaa na vipimo hivyo viwili na klipu za presha za Kiswahili, nikapiga alama kwenye daftari kama mwalimu. Nilidhani nitakwama kwenye mambo ya kisayansi. Nilikwama kwenye mambo madogo kabisa. Tarehe: klipu za kujifukiza dhidi ya corona za mwaka 2020 bado zinazunguka, zimevishwa maandishi mapya, safari hii zinatibu mafua ya kawaida na kuyeyusha mafuta tumboni. Nani: jina la akaunti ni "Dokta" na jina la tunda. Nani anafaidika: namba ya simu ipo chini, hilo angalau hawafichi. Lakini swali lililonimaliza lilikuwa moja la DISCERN, linalouliza kama habari hii inaeleza kitakachotokea usipotumia tiba yoyote. Lingine linauliza kama inataja mahali ambapo wataalamu wenyewe hawana uhakika. Niliandika 1, 1, 1, 1 hadi kalamu ikazoea njia. Kila nilipofikia maswali yale nilikuwa nauona mkasi wangu.

Huko Kanada watafiti walichukua klipu 100 za TikTok zilizotazamwa sana kuhusu ADHD, ile hali ya mtu kushindwa kutulia na kukaza akili, wakachapisha matokeo mwaka 2022: 52 zilipotosha. Nilipoisoma namba hiyo nilishangaa kwamba 48 zilibaki.

Kuna wanaoweza. Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kisha Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alifanya watu wa Sinza wale chipsi huku wakitazama nyuma. Mtaani kwetu mtu akiagiza soda ya pili anaambiwa "Janabi anakuona". Daktari wa moyo kuwa utani wa kijiweni ni ushindi ambao hakuna kipeperushi kiliwahi kuupata. Lakini nyingi ya klipu zake za ushauri wa chakula hakuzikata yeye. Zimekatwa na watu kama mimi kutoka kwenye mihadhara na mahojiano marefu, na nikiziangalia najua pale sentensi ilipokuwa inaelekea "lakini" ikazimwa. Unasikia pumzi inaanza kuvutwa, halafu muziki.

*

Nilimpigia bosi nikamwambia nataka kuzirudisha zile sekunde saba, bure. Alikuwa muungwana. Alisema klipu ile haipo tena mikononi mwake. Watu wameipakua, wameweka majina yao, mmoja anauza unga wa kitu kingine kabisa kwa uso wa mzee. "Hata ukirudisha, kaka, unairudishia wapi?"

Nikampigia mzee. Ana simu ya tochi, haina video. Nilimwamkia, tukaulizana habari za mvua na za nyumbani, tukafika.

"Mzee, ile video tuliyorekodi, watu wanakupigia?"

"Wengi, mwanangu. Mpaka wa Oman. Mungu akubariki."

"Wanakuuliza kuhusu vidonge vya hospitali?"

"Hawaulizi. Si nilishawaambia pale mwisho?"

Feni ilikuwa inazunguka, sikuizima. Nikamwambia kwamba alisema, lakini niliyatoa. Ikabidi nieleze maana ya kuyatoa, maana kwake maneno yaliyokwisha kusemwa yamesemwa. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikatazama simu kama imekatika. Kisha akauliza kama mtu akimpigia awe anamwambia tena mwenyewe, mmoja mmoja. Nikasema ndiyo, mzee, naomba. Akasema basi ndivyo atakavyofanya, ila salio la kuwarudia wale wa mwanzo hana, na namba zao hakuziandika.

Nilimtumia vocha. Sijui ulitaka nifanye nini kingine.

*

Mama naye alikuwa na kazi yake. Ujumbe wake wa "nimepona" ulishatoka kwenye grupu la mtaani ukaenda la kwaya, la vikoba, la wazazi wa shule. Tangu 2020 WhatsApp imeweka kizuizi: ujumbe uliopitishwa mara nyingi unapata mishale miwili na huwezi kuutuma zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Kina mama wa Msambweni wana muda, wanatuma moja moja. Ulirudi kwake kutoka kwa mtu wa Pangani ambaye hakujua kwamba anamshauri mwenye sauti.

Akaamua kurekodi mwingine. Alijifungia chumbani siku nzima akirudia, kisha akanitumia mimi kwanza. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Ameanza na salamu kwa majina, kila mtu na mumewe na mgonjwa wake. Ameeleza vidonge, miguu, foleni, kitunguu saumu. Amesema Alhamisi alidanganywa na dawa iliyokuwa bado mwilini, akalieleza vizuri kuliko mimi hapa juu, kwa mfano wa mkaa unaoendelea kuivisha maharage baada ya kuacha kuchochea. Katikati mtu anabisha hodi, anajibiwa subiri. Jogoo anawika mara mbili. Mwishoni anasema hawakatazi kitunguu, anakipenda, lakini.

"Mwanangu, ni ndefu," akaniandikia. "Wewe si ndiyo kazi yako? Ipunguze."

Nikaifungua kwenye kompyuta. Nilikaa nayo hadi usiku, nikisikiliza mahali pa kukata, kidole kwenye kitufe kama nilivyozoea.

Nilitoa jogoo.